Aliyeshika Tochi

Kwenye gereji ya baba kulikuwa na kazi mbili: kushika spana na kushika tochi. Spana alishika kaka. Tochi nilishika mimi.

Asiyewahi kushika tochi anaweza kudhani ni kazi nyepesi. Mwanga unatakiwa uwe pale fundi anapotazama, na fundi hasemi anatazama wapi. Ukimulika mkono wake unafokewa. Ukisogea ili uone vizuri, kivuli chako kinaangukia nati. Usiku wa Tunduma wa mwezi Juni una baridi inayouma, na baada ya nusu saa vidole vimekufa ganzi, lakini hubadilishi mkono mpaka nati itoke. Ikitoka, anayepongezwa ni mwenye spana.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover 109, Series III, la petroli. Baba alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu mwaka nilioanza kidato cha kwanza. Lilifika nyumbani Chapwa likiburutwa na Canter, halina viti, halina rejeta, na ndani ya boneti kuku alikuwa ametagia. Baba alisema atalifufua yeye na mwanawe. Alisema mwanawe, mmoja, na sote tulijua ni yupi.

Naanza na tochi kwa sababu ndiyo inayonisaidia kusoma. Muhula huu, kwenye semina ya tawasifu na insha ya shahada ya uzamili, tulipewa kitabu cha Robert Pirsig, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilichotoka mwaka 1974. Wenzangu walijadili falsafa yake: ubora ni nini, kwa nini akili na moyo vilitenganishwa, Wagiriki walikosea wapi. Mimi nilikuwa namtafuta mtoto. Kitabu kina mtoto, Chris, anayesafiri na baba yake kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California. Ni kitabu kuhusu kutengeneza chombo, kimeandikwa na baba, na mtoto yumo safarini tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kujua ameshika nini.

Hadithi ya mzazi na mtoto wanaotengeneza gari la zamani tunaijua hata kama hatujaisoma. Kuna gari bovu chini ya turubai. Kuna baba asiyesema sana na kijana mwenye hasira. Wanalifungua pamoja, mikono inachafuka, maneno machache yanatoka, na siku injini inapowaka, kilichovunjika kati yao nacho kinakuwa kimepona. Sina ugomvi na ndoto hiyo, nimeiota mwenyewe. Ugomvi wangu ni na namna inavyosimuliwa: nani anahesabiwa kuwa yumo kazini, na nini kinafichwa ili gari liwake kwa wakati.

Sisi watoto wa Tunduma tuliipata kwanza kwenye banda la video, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, sauti ya Kiswahili imewekwa juu ya ile ya Kiingereza. Filamu ilikuwa The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Wengi wanakumbuka mbio. Mimi nakumbuka gereji. Dominic Toretto anamwonyesha mwenzake Brian gari jeusi, Dodge Charger ya mwaka 1970, na kumwambia kwamba alilitengeneza yeye na baba yake. Kisha anakiri kwamba hajawahi kuliendesha kwa sababu linamtia hofu. Baba ameshakufa kwenye mashindano ya magari. Ni tukio bora kuliko yote katika filamu ile, kwa sababu kwa dakika chache jitu lile lisiloogopa kitu linasimama mbele ya gari kama mtu aliyesimama mbele ya kaburi.

Lakini Dominic ana dada, Mia, na baba aliyekufa ni baba yao wote wawili. Mia yuko kwenye duka la familia, anauza sandwichi. Anajua kuendesha gari vizuri, filamu yenyewe inatuonyesha hivyo. Hakuna anayemuuliza anakumbuka nini kuhusu usiku ambao gari lile lilijengwa. Huenda alikuwa ameshika tochi.

Clint Eastwood, katika Gran Torino ya mwaka 2008, anakwenda mbali zaidi. Walt Kowalski ni mzee aliyefanya kazi kiwandani Ford, na gari lake la mwaka 1972 ni lile ambalo yeye mwenyewe alilifunga usukani. Wanawe wa kuzaa hawamwelewi. Jirani yake Thao, kijana wa jamii ya Wahmong, anajaribu kuliiba, na kutoka kwenye wizi huo uliofeli anazaliwa mwana wa kuchagua. Walt anamfungulia gereji yenye zana ukuta mzima na kumfundisha aanzie wapi. Hapa filamu inasema jambo la kweli: kuna wazazi ambao ufundi wao unawaruka watoto wao na kumwangukia mtoto wa jirani. Chapwa tunawajua hao. Kijana anafika gereji bubu iliyo chini ya mti, anafagia, anatumwa chai, na baada ya miaka miwili ndiye anayesikiliza injini badala ya mzee.

Hata hivyo, aliyeubisha mlango wa Walt hadi ukafunguka si Thao. Ni dada yake, Sue. Ndiye anayemjibu mzee matusi kwa utani, anayemwalika nyumbani kula, anayemweleza Wahmong ni akina nani. Sue anafanya kazi yote ya kuwakutanisha wanaume wawili, kisha hadithi inamwumiza vibaya ili wanaume hao wapate sababu ya kuchukua hatua. Mwisho wa filamu gari linakwenda kwa Thao. Nilipoiona mara ya kwanza nililia kwa sababu ya Walt. Nilipoiona mara ya pili nilimtafuta Sue kwenye gari, na hakuwamo.

Mwenzangu mmoja kwenye semina alinipinga. Alisema hizi ni hadithi za baba na mwana, na kudai binti awekwemo ni kulaumu ugali kwa sababu si wali. Hoja yake ina uzito. Sidai kila gereji ya kubuniwa ipewe msichana kwa ajili ya usawa. Nadai kitu kidogo zaidi: hadithi inayosifu kazi ya mikono ijue mikono ilikuwa mingapi. Fundi mzuri akifungua injini hupanga kila bolti chini kwenye gunia, kwa mpangilio, ili asibaki na moja mkononi wakati wa kufunga. Hadithi hizi hufunga injini na kubaki na bolti, halafu huirusha kichakani.

Nirudi kwa Pirsig, maana yeye ndiye mkubwa kati ya hawa na ndiye ninayempenda zaidi. Anajua ufundi. Kuna sehemu ambapo usukani wa pikipiki ya rafiki yake John, BMW ya bei kubwa, unacheza, naye anapendekeza waubane kwa kipande kilichokatwa kwenye kopo la bia. John anakasirika. Hawezi kukubali takataka iguse BMW. Fundi yeyote wa Tunduma angeelewa mara moja nani ana akili hapo, na angeshangaa kwamba jambo hilo linahitaji kurasa kadhaa za kuelezwa.

Hata hivyo, tazama walivyokaa kwenye pikipiki. Baba yuko mbele, mtoto nyuma. Mafundisho yote makubwa ya kitabu, yale ambayo wenzangu waliyajadili kwa saa tatu, baba anayawaza akiwa anaendesha. Anatuambia sisi wasomaji. Chris hasikii hata neno moja. Anachoona ni mgongo wa baba yake, kilomita baada ya kilomita. Analia, anaumwa tumbo, anasumbua, na baba anaandika kuhusu usumbufu huo kana kwamba ni hali ya hewa. Ni karibu na mwisho kabisa, wakiwa California, wamevua kofia ngumu, ambapo mtoto anasimama juu ya vikanyagio na kuona mbele kupitia juu ya bega la baba. Hapo ndipo anapouliza kama na yeye akikua ataweza kuwa na pikipiki.

Wengi husoma tukio hilo kama upatanisho, na ni upatanisho. Mimi naliona pia kama hesabu. Kwa safari nzima mwalimu alifundisha ulimwengu na hakumfundisha aliyekaa nyuma yake. Na kitabu hakikuweza kulirekebisha hilo baadaye: Chris aliuawa San Francisco mwaka 1979, na baba yake akaandika maneno ya nyongeza ambayo sasa huchapwa mwishoni. Pikipiki ile, Honda, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Kuna sehemu nyingine ya Pirsig ambayo sikuweza kuisoma kwa utulivu. Anazungumzia skrubu iliyogoma. Kichwa chake kimelika, haitoki, na kazi yote imesimama kwa ajili ya kitu cha senti chache. Anasema usikate tamaa wala usikasirike, kwa kuwa kukwama huko ndiko mwanzo wa kuelewa, na skrubu hiyo kwa wakati huo ina thamani sawa na pikipiki nzima. Ni mawazo mazuri. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, kwa sababu nilikumbuka bolti yetu.

Januari 2016 mkoa wetu wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya. Mwezi huohuo, huko Solihull, Uingereza, Defender ya mwisho ilitoka kiwandani na kufunga ukoo ulioanza mwaka 1948. Baba alizisikia habari zote mbili redioni na akacheka: mkoa umezaliwa, Land Rover imekufa, ila ya kwetu ndiyo kwanza inafufuka. Ilikuwa kweli. Chesi ilikuwa imechomelewa. Bodi haikuhitaji kazi kubwa, maana Land Rover ilitengenezwa wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ikavalishwa alumini, na alumini hailiwi na kutu. Kinacholiwa ni chesi ya chuma iliyo chini, mahali ambapo macho hayafiki. Injini ilikuwa imesafishwa. Kilichobaki kilikuwa kufunga silinda hedi.

Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anakaza bolti, na ameongezea kipande cha bomba kwenye spana ili apate nguvu. Mimi nilikuwa upande wa pili na tochi. Baba alisema, kaza. Kaka akasema imefika. Baba akasema tena, kaza. Ulisikika mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti, na nusu ya bolti ikabaki ndani ya bloku.

Maneno aliyoyasema baba baada ya hapo sitayaandika. Mengine alimwambia kwa Kinyamwanga, na yalikuwa mabaya zaidi. Kaka alisema, "Baba, wewe ndiye uliyeniambia." Baba akasema hajasema. Wote wawili wakageuka kunitazama mimi, maana nilikuwa shahidi pekee. Nikashusha tochi, nikatazama chini.

Mwezi uliofuata kaka alivuka Nakonde. Alikaa Lusaka, kisha akashuka Afrika Kusini. Alikuwa akimpigia mama. Gari likafunikwa turubai na kuku wakarudi.

Hiki ndicho ninachokikosa katika sanaa hizi zote. Katika filamu bolti haikatiki. Pirsig anajua bolti hugoma, na ana subira isiyo na mwisho kwa skrubu. Subira hiyohiyo haimfikii mtoto anayelia nyuma yake. Na mimi, niliyekwenda chuo nikijisimulia kama binti aliyenyimwa spana, nilikuwa nimeacha nusu ya hadithi. Mwenye spana ndiye anayelaumiwa bolti inapokatika. Mimi na tochi yangu tulikuwa salama, na usalama huo niliununua kwa kunyamaza.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover. Mamia ya magari yalipanga mstari, ya zamani na mapya, na video zake zikazunguka kwenye simu zote. Baba aliiona moja, akanipigia. "Lile letu bado lipo," alisema. Hakusema zaidi ya hapo, lakini nilimwelewa. Likizo ya Krismasi nilikwenda Chapwa, na kitabu cha Pirsig kikiwa kwenye begi.

Kwa Kiswahili hatusemi tunalirudisha gari kama lilivyokuwa. Tunasema tunalifufua. Tofauti hiyo si ndogo. Mwenye fedha na gereji yenye taa hulirudisha gari kwenye siku lilipotoka kiwandani, kila nembo na kila nati ya asili. Kwetu barabara haikuwahi kutoa nafasi hiyo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikabanwa, mafuta na shaba vilianza kupita hapa mbele yetu, juu ya vumbi na matope ambayo Wazungu waliyafananisha na jehanamu. Kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ilianzishwa mwaka 1966 na malori yake ya Fiat, na babu yangu alikuwa utingo kwenye mojawapo. Kabla ya lami, na kabla reli ya TAZARA haijakabidhiwa mwaka 1976, ufundi kwenye njia hii haukuwa burudani ya Jumamosi. Lori likifa mlimani, unalifufua kwa ulichonacho au unalala nalo. Land Rover la baba lina alternata ya Toyota, rejeta ya Canter na viti vya Hiace. Kwa kipimo cha wakusanyaji limeharibiwa. Kwa kipimo chetu lina ndugu wengi. Kilichofufuka si lazima kifanane na kilichokufa.

Bloku ilikuwa imeshapelekwa Mbeya na kipande cha bolti kimetolewa. Macho ya baba yamepungua, kwa hiyo aliniomba nimsomee kitabu cha ufundi. Nilisoma, yeye akafunga. Tulipofika kwenye nyaya za plagi alisimama na kukuna kichwa, nami nikasema bila kutazama ukurasa: moja, tatu, nne, mbili.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe, baba. Ulikuwa unamfundisha kaka."

Alinitazama kwa muda, kisha akanipa nyaya nizichomeke mwenyewe. Sitasema hapo ndipo kila kitu kilipotengemaa. Kesho yake tulikuwa tunapitia upya mkazo wa bolti za silinda hedi, safari hii kwa spana ya kupimia nguvu tuliyoazima, na tulipofika kwenye ile bolti nilishindwa kuendelea kusoma.

"Shikamoo baba," nilisema. Ni ajabu, tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

"Marahaba. Vipi tena?"

"Siku ile ulimwambia kaka akaze. Nilisikia."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Lori lilipita barabarani, likapita jingine.

"Nilimwambia," alisema. "Mara mbili."

Kisha akaniambia nisome inayofuata.

Gari liliwaka siku ya tatu, jioni. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likakaa. Hakuna aliyekumbatiana. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni akiwa ameshika mwiko. Baba alisema nimtumie kaka ile sauti. Hakusema nimpigie, na hakutaka kuzungumza mwenyewe. Nilirekodi nusu dakika na kuituma kwa WhatsApp, bila maneno.

Nilipokuwa nikingoja nilifikiri jinsi filamu ingefanya hapa. Simu ingelia. Sauti ya mwana ingetetemeka. Tungejua kwamba amesamehe, au kwamba anakuja. Na labda ndiyo maana tunazihitaji filamu hizo: maisha ya gerejini hutoa majibu madogo mno, na mtu huchoka kuyatafsiri. Lakini mhakiki, kama mshika tochi, kazi yake si kuifanya nati itoke. Ni kumulika pale inapogoma, na akiulizwa aliona nini, aseme.

Jibu lilifika usiku. Lilikuwa na maneno mawili: "Tapeti zinagonga."

Nilimsomea baba. Alicheka peke yake, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. "Amesikia vizuri," alisema.

Asubuhi tulifungua kifuniko cha tapeti. Kaka alikuwa ametuma ujumbe mwingine kuuliza tumeacha nafasi kiasi gani, na baba akaniambia nimjibu kwamba ndiyo kwanza tunapima. Kulikuwa bado na ukungu na mwanga hautoshi. Tochi tuliifunga kwa waya kwenye boneti.